Wiki saba, kurasa 74, na dagaa bado hawajapimwa

SWALI: Shikamoo dada. Sisi ni vijana watatu, tuna ofisi ndogo Nyegezi, Mwanza. Mfanyabiashara mmoja wa dagaa mwenye ghala Kirumba ametupa kazi ya kumtengenezea mfumo wa kurekodi mapokezi ya dagaa kutoka mialo 8 (sehemu za ufukweni mitumbwi inaposhushia dagaa), mingine iko visiwani upande wa Ukerewe na Sengerema. Kila mwalo una mitumbwi kama 60 inayomuuzia. Mwenzetu mmoja anasema lazima tulielewe tatizo lote kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa msimbo; ameshafikisha kurasa 74 za mahitaji, yaani orodha ya yale mfumo unayotakiwa kufanya. Mwingine amechora usanifu, yaani ramani ya sehemu za mfumo, wenye huduma 11 zinazojitegemea (programu ndogondogo zinazowasiliana kwa mtandao), anasema tuanze kujenga, mengine yatajulikana hukohuko mbele. Mimi niko katikati. Hii ni wiki ya saba na hatuna cha kumwonyesha mteja. Tugawe muda vipi? Asilimia ngapi iwe uchambuzi na ngapi usanifu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Poleni na mabishano, najua yanachosha kuliko kazi yenyewe.

Asilimia sitakupa. Nikisema thelathini kwa sabini, mwenzako wa kurasa 74 atasema ndiyo kwanza anazianza zile thelathini, mwenye huduma 11 atasema zilikwisha mwezi uliopita, na mtarudi palepale. Uchambuzi na usanifu si mafungu ya kugawana kama posho ya safari. Swali moja kuhusu mwalo linatikisa mchoro, mchoro nao unazaa swali ambalo hamkulijua jana. Mtaalamu wa uhandisi wa programu, Bashar Nuseibeh, alilieleza hilo mwaka 2001 kwa mfano wa vilele viwili, mahitaji upande huu na usanifu upande ule, mtu anavuka kutoka kimoja kwenda kingine na kila akivuka anaona undani zaidi wa vyote viwili. Aliyewahi kupanda mawe ya Capri Point hapo Mwanza ataelewa haraka: kuna njia huioni mpaka uwe umesimama kwenye jiwe la pili.

Kwa hiyo wenzako wote wawili wana kosa moja. Kila mmoja ameng'ang'ania jiwe lake.

Tuanze na mchoro wa huduma 11, kwa kuwa huo unapimika kwa kalamu na karatasi. Mialo 8 mara mitumbwi 60 ni mitumbwi 480. Tuseme kila mtumbwi unaacha rekodi 5 kwa asubuhi: ndoo za awamu ya kwanza, za awamu ya pili, makato, na kadhalika. Hizo ni rekodi 2,400. Mapokezi yenyewe yanachukua kama saa 3 tangu mitumbwi ianze kutia nanga, yaani sekunde 10,800. Gawanya: rekodi moja kila sekunde nne na nusu. Zikija kwa mkupuo, mara kumi ya hapo, ni kama rekodi mbili na ushee kwa sekunde. PostgreSQL, programu ya kuhifadhi rekodi, kwenye seva moja ndogo ya kukodi haitatoka hata jasho. Na siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa nchi kavu, itakuwa imelala kabisa.

Sasa huduma 11 zinatatua nini? Zilibuniwa kwa ajili ya kampuni kubwa zenye timu nyingi zinazokanyagana miguu, kila timu ikitaka kutoa toleo lake bila kuisubiri nyingine. Mwanakompyuta Melvin Conway alisema mwaka 1968 kwamba mfumo huishia kuwa na umbo la mawasiliano ya watu walioujenga. Ninyi mko watatu, mnakaa chumba kimoja, mnasikiana mkipiga chafya. Umbo lenu ni programu moja iliyopangwa vizuri ndani. Mkigawa huduma 11, kila mmoja anabeba karibu nne, na kila mahali ambapo zamani sehemu moja ya programu ingeiita nyingine kwa mstari mmoja, sasa kuna mtandao unaoweza kukatika, jibu linaloweza kuchelewa, na kumbukumbu za makosa za kufukua sehemu kumi na moja tofauti. Mmejitwisha shida za kampuni ya wahandisi mia mbili, na hao wahandisi hamnao.

Hata hivyo mchoraji simlaumu sana. Mchoro wake una faida moja ambayo hajaitumia. Bila shaka kuna kisanduku kimeandikwa Mapokezi, kingine Malipo, na mshale katikati. Muulize: kwenye huo mshale kinapita nini? Kiasi na bei? Sawa. Na hiyo bei inajulikana wakati huo?

Hapo ndipo nilipoumia mimi.

Miaka kadhaa nyuma nilisimamia mfumo wa kampuni moja ya kusafirisha samaki hapa kanda ya ziwa. Siitaji, maana kosa lilikuwa langu. Usanifu tuliuchagua siku ya kwanza, ofisini, kiyoyozi kinavuma. Kila karani awe na simu; kila ndoo ikihesabiwa taarifa iende moja kwa moja kwenye seva; seva ikijibu, ndipo mvuvi apewe risiti. Kwenye ubao ilipendeza. Tulipofika mwaloni alfajiri, mtandao ulikuwa unapatikana ukisimama juu ya jiwe fulani tu, na jiwe lenyewe lilikuwa limeanikwa dagaa. Karani angefanyaje? Alirudi kwenye kaunta buku lake, akaandika asubuhi nzima, jioni akapanda bodaboda mpaka penye mtandao, akaingiza yote kwa mkupuo. Mfumo wetu ukawa unaeleza kwa kujiamini kwamba dagaa wote wa mwalo ule hupokelewa saa moja usiku.

La mtandao lilikuwa aibu, lakini lilirekebishika. Lililotutoa damu ni bei. Kwenye fomu yetu sehemu ya bei ilikuwa ya lazima: hujajaza, huendelei. Kumbe pale mwaloni tajiri wa mtumbwi, yaani mwenye mtumbwi, alikuwa ameshachukua fedha za mnunuzi kabla, za mafuta na taa na nyavu, na dagaa wanaposhuka ndoo zinahesabiwa tu. Bei haitajwi. Itazungumzwa baadaye, baada ya watu kusikia soko la Kirumba limeamkaje, na wakati mwingine baada ya dagaa kukauka. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, mzigo uleule unashuka daraja, unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na mazungumzo yanaanza upya. Makarani wetu walifanya nini na fomu yenye kiherehere? Wengine waliweka bei ya jana. Wengine waliweka shilingi 1, ili mradi kitufe kikubali. Mwisho wa mwezi ripoti ikaonyesha kampuni imenunua shehena nzima kwa fedha isiyotosha soda.

Kurekebisha kulituchukua miezi mitatu, kwa sababu kile tulichokichora kama kitu kimoja, mauzo, kilikuwa vitu vitatu vyenye nyakati tofauti: mapokezi, makubaliano ya bei, na deni linalopungua. Kanzidata (hifadhi ya rekodi zote), simu, ripoti, vyote vilisimama juu ya dhana kwamba ni kimoja. Na asubuhi mbili za kukaa mwaloni zingetosha kuligundua. Sisemi kurasa mia za mahitaji. Tulikuwa nazo nyingi, na hakuna hata moja iliyouliza bei inajulikana lini.

(Upande wa pili nao nimewahi kuuonja. Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa nilikichambua miezi minne mizima. Siku ninawasilisha andiko, walikuwa wameshakaa mkutano mkuu na kubadilisha kanuni za riba. Nikapigiwa makofi ya adabu, nikanywa chai, nikaondoka.)

Baada ya hayo mawili nilianza utaratibu ambao nawashauri muujaribu kesho. Chukueni daftari, ukurasa wa kushoto muandike swali mnalotaka kuuliza, wa kulia muandike: jibu likiwa kinyume cha tunavyodhani, ni kitu gani kwenye mchoro kitavunjika? Mkikuta upande wa kulia hauna kitu, swali hilo lisubiri. Mkikuta umeandikwa "mpangilio wa ripoti ya mwezi", lisubiri vilevile, ripoti hubadilishwa kwa siku moja. Mkikuta umeandikwa "tutaandika upya kanzidata na kuzibadilisha simu zote za mialo 8", hilo ndilo la kuondoka nalo alfajiri.

Zipitisheni kurasa 74 kwenye daftari hilo. Sijaziona, ila nitashangaa zikibaki zaidi ya tano. Kazi ya mwenzenu haijapotea. Nyingi mtazihitaji wakati wake. Ila kwa sasa zinawaficha zile chache zenye meno.

Kwa kazi yenu hii, naona manne yenye meno, na nitayaeleza kwa uzito ninaouona mimi, si sawasawa.

La kwanza ni hilo la bei na wakati wake, na linakwenda na swali pacha lake: rekodi ikishaandikwa, inaruhusiwa kubadilishwa? Msikimbilie kusema ndiyo. Mhasibu wa zamani hafuti wala haandiki juu ya maandishi. Akikosea anaandika ingizo jipya la kusahihisha, na la zamani linabaki linaonekana. Nanyi fanyeni hivyo. Asubuhi simu inaandika: ndoo 12 zimepokelewa kutoka mtumbwi fulani. Siku mbili baadaye inaandikwa: bei ya mapokezi yale ni kiasi hiki. Karani akigundua zilikuwa ndoo 11, anaandika pungufu ya 1 pamoja na sababu. Salio la deni halihifadhiwi kama namba ya kubadilishwabadilishwa, linahesabiwa kutoka kwenye maingizo. Kuna faida mbili. Mvuvi akija na ugomvi, mnaweza kumsomea historia nzima, ingizo kwa ingizo, na ugomvi wa dagaa nimeushuhudia, hauishi kwa kuonyeshwa namba moja ya mwisho. Faida ya pili ni kwamba maingizo ya kuongezwa tu yanaungana kirahisi yakitoka kwenye simu nyingi zilizokuwa nje ya mtandao, ilhali safu moja inayobadilishwa na simu mbili kwa wakati mmoja inawapa kazi ya kuamua nani ashinde. Mnaona? Swali la mwaloni limechagua umbo la kanzidata, na umbo la kanzidata limerahisisha tatizo la mtandao. Ndiyo maana nakataa asilimia.

La pili ni mtandao wenyewe: ukweli wa rekodi unakaa wapi, kwenye simu au kwenye seva? Kwa mialo ya visiwani jibu ni kwamba unazaliwa kwenye simu. Simu iandike kwanza kwenye hifadhi yake, SQLite, kanzidata ndogo inayokaa ndani ya simu, inatosha kabisa, impe karani uthibitisho palepale, kisha itume ikipata nafasi. Mkishakubali hilo, kuna mtego unaowanasa wengi. Simu inatuma rekodi, seva inaipokea, lakini jibu la "nimepata" linapotea njiani. Simu inadhani haikufika, inatuma tena. Ndoo 12 zimekuwa 24, na tajiri wa mtumbwi kwa mara ya kwanza ataupenda mfumo wenu. Dawa ni kila rekodi ipewe namba yake ya utambulisho na simu yenyewe, ndefu ya kubahatisha ambayo ni vigumu mno kugongana na nyingine, kabla haijatumwa. Seva ikiona namba ileile mara ya pili inajibu "nimepata" bila kuandika upya. Hili huwezi kulichomeka mwishoni bila maumivu. Lakini likiamuliwa mwanzoni ni jambo la nusu siku. Na msiiamini saa ya simu. Kuna simu za mialoni zinazoishi mwaka 2015. Wekeni pia namba ya mfuatano kwa kila simu, 1, 2, 3, ili mjue mpangilio wa matukio na mgundue pengo ikiwa ya 41 imefika na ya 40 haijafika.

La tatu ni ndoo. Mteja atawaambia ndoo ni ndoo, ya lita 20. Nendeni mkaangalie inavyojazwa. Kuna ya kusawazishwa kwa kiganja na kuna yenye kilele, kama lumbesa kwenye magunia, na ziko sehemu ambazo kilele kimeshakuwa sehemu ya bei. Msigeuze ndoo kuwa kilo ndani ya simu. Hifadhini kilichohesabiwa, kwa kipimo kilekile kilichotumika, na ugeuzaji ufanyike upande wa seva ambako mnaweza kuurekebisha. Mkishageuza na kuutupa ukweli wa awali, hamna pa kurudi.

La nne ni mtu. Waandaaji wengi wa programu hapa nchini huchukua namba ya simu kama kitambulisho, kwa kuwa malipo yanapita humo. Laini hupotea ziwani, huazimwa, huandikishwa kwa jina la shemeji. Anayewauzia ni nahodha, lakini mwenye deni ni tajiri wa mtumbwi, na tajiri mmoja ana mitumbwi minne. Mpeni kila mtu utambulisho wenu wenyewe, na namba ya simu iwe sifa inayobadilika. Na kwa kuwa mtakuwa mnahifadhi majina, namba na madeni ya watu, isomeni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kabla na si baada ya kuamua mtakusanya nini. Taarifa ambayo hamkuikusanya haiwezi kuvuja.

Fedha zihifadhiwe kama shilingi kamili, namba nzima, zisiwe za desimali zinazoelea, ambazo kompyuta huzihifadhi kwa kukadiria. Hilo halihitaji hata kwenda mwaloni.

Basi. Mengine yote mnayobishania, na nina hakika mnabishania, yanaweza kusubiri: lugha gani ya kuandikia kurasa za ripoti, seva ikodiwe kwa nani, Kubernetes (mtambo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi) au hapana. Hapana, kwa njia. Lakini kusubiri si kupuuza. Jambo linaloweza kusubiri linahitaji kuwekewa ukuta, ili siku likibadilika lisiburute nyumba nzima. Mtaalamu wa programu David Parnas aliandika mwaka 1972 kwamba programu isigawanywe kwa kufuata hatua za kazi, kwanza hiki, kisha kile; igawanywe ili kila sehemu ifiche uamuzi mmoja unaoweza kubadilika. Ni zaidi ya miaka hamsini sasa na bado michoro mingi ninayoletewa imegawanywa kwa hatua: kupokea, kupima, kulipa, kuripoti. Huduma 11 za mwenzenu nadhani ziko hivyo. Mkitaka mgawanyo ndani ya programu yenu moja, jiulizeni ni maamuzi gani yatabadilika. Namna ya kukokotoa bei itabadilika. Mtoa huduma wa malipo ya simu atabadilika. Ugeuzaji wa ndoo kuwa kilo utabadilika. Kila kimoja kikae nyuma ya mlango wake.

Nina mfano wa karibu. Kuna mfumo mwingine niliouhudumia, uliokuwa unakadiria lori kutoka upande wa Sengerema litafika Mwanza saa ngapi. Makadirio yote yalitegemea kivuko cha Kigongo na Busisi: kinaondoka lini, foleni ikoje, upepo ukivuma inakuwaje. Aliyeuandika, na si mimi, alikuwa ameyafungia hayo yote sehemu moja, programu iliyobaki iliuliza tu "kuvuka kunachukua muda gani?" na kupewa jibu. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita takriban 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, na kivuko kikaacha kuwa jambo la kuulizia. Tulibadilisha sehemu ile moja mchana mmoja, tukaenda kula sato. Nafahamu mfumo wa jirani zetu ambao ratiba ya kivuko ilikuwa imepenya mpaka kwenye fomu za madereva. Hao hawakula sato siku hiyo.

Angalia pia kwamba yule mwandishi hakujua daraja litaisha lini. Hakuchambua zaidi yetu. Alijua tu kwamba kuvuka ziwa ni kitu chenye tabia ya kubadilika, na hicho ni uchambuzi wa kutosha kwa uamuzi wa aina hiyo. Maswali mengine hayahitaji jibu, yanahitaji ukuta.

Sasa mwonyesheni nini mteja? Jengeni uzi mmoja mwembamba kutoka mwisho mpaka mwisho: simu moja, skrini moja ya kurekodi ndoo, kutuma, seva moja, kanzidata moja, na ukurasa mmoja unaoonyesha kilichofika leo. Bila kuingia kwa nywila za kifahari, bila ripoti, bila nembo. Kwa watu watatu ni kazi ya wiki moja, mkizidisha wiki mbili mmeanza kupamba. Kisha mtese uzi huo. Zimeni mtandao, ingizeni rekodi tatu, zimeni simu, iwasheni, tembeeni mpaka penye mtandao, ukateni katikati ya kutuma, mrudishe. Seva ina rekodi tatu? Si mbili, wala nne? Mkipata tatu, mmejifunza kuhusu usanifu wenu mambo ambayo mchoro usingewaambia kwa mwaka mzima. Na mteja akishika simu ile mkononi atawaambia mambo ambayo hakuyasema kwenye kurasa zote 74. Hakuwaficha, watu hukumbuka kazi yao wakiwa wanaifanya. Muulize mpishi kiasi cha chumvi, atakuangalia tu. Mpe sufuria.

Mtaniuliza, basi uchambuzi tuuache lini? Kipimo changu, ambacho ni cha mazoea tu, ni hiki: mkienda mwaloni mara tatu mfululizo na ukurasa wa kulia wa daftari usiongezeke kitu, msingi mmeuelewa vya kutosha, jengeni. Ukiongezeka kila mara, msidanganyane, bado. Kipimo hicho ni cha kazi kama yenu, ambayo kosa lake ni fedha na aibu na vinaweza kurudishwa. Iko kazi nyingine ambayo hata kurasa 74 ni chache. Mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa wasiopungua 6 mionzi iliyozidi kupita kiasi huko Marekani na Kanada kati ya 1985 na 1987, na makosa ya programu yalikuwa sehemu kubwa ya chanzo. Mtu akiwapa kazi ya aina hiyo, nisahauni mimi na daftari langu, tafuteni wanaoijua.

Kila mkiamua jambo lenye meno, liandikeni nusu ukurasa: tarehe, tumeamua nini, kwa nini, na ni nini kikitokea tutabadilisha. Mfano: "Programu moja, seva moja. Tuko watatu na rekodi ni 2,400 kwa siku. Tutafikiria kugawanya tukiwa timu mbili au rekodi zikizidi mara hamsini." Liwekeni kwenye folda ileile yenye msimbo. Faida yake mtaiona mwakani, mtakapoajiri kijana wa nne mwenye mchoro wa huduma 11.

Kuhusu hao wenzako wawili: usimwache kila mmoja upande anaoupenda. Mwenye kurasa 74 apewe kazi ya kuandika ule uzi mwembamba, ashike msimbo mikono ichafuke. Mchoraji apewe daftari na nauli ya boti. Najua watanuna. Mchoraji atarudi na harufu ya dagaa kwenye begi na maswali matatu ambayo yanafuta visanduku vyake vinane, na atavifuta mwenyewe bila wewe kubishana naye.

Kabla ya kupanga safari, angalieni mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawatoki. Wanakaa wanashona nyavu na wana muda wa kuzungumza, kwa hiyo hizo ndizo siku za kuuliza bei hukatwa lini, nani ana mtumbwi na nani ana deni. Giza likirudi nendeni tena, safari hii na simu yenye uzi wenu. Mfike kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Mpeni karani simu, mwelezeni mara moja tu, kisha simameni pembeni ndoo zikishushwa, mhesabu ni mara ngapi anairudia kaunta buku yake.